Nyumba mpya, kabati la zamani: uanze na lipi, na ulikagueje

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Tumehamia nyumba yetu mpya. Kuta ni nyeupe, sakafu ni ya vigae, na samani zote tulizinunua kwa mkupuo mmoja. Hakuna kilichokosekana, ila kila nikikaa sebuleni nahisi niko hotelini. Natamani kuongeza samani za kale, vipande viwili au vitatu, nyumba ipate sura yake. Shida ni kwamba siwezi kutofautisha cha kale na kilichozeeshwa ili kiuzwe. Mume wangu naye anasema tutaingiza wadudu watakaomaliza hata makabati mapya. Na mimi mwenyewe naogopa sebule isije ikageuka stoo ya mnada. Nianze na nini?

JIBU: Dada, nakujibu kuanzia mwisho, kwa sababu hiyo hofu ya stoo ya mnada ndiyo inayoamua mengine yote. Anza na kipande kimoja tu, kiwe kikubwa kiasi, na kiwe na kazi ya kila siku. Hivyo viwili vingine visubiri.

Kinachoifanya sebule yako ifanane na hoteli ni kwamba vitu vyake vyote ni rika moja. Vimetoka kiwandani kipindi kimoja, kingo zimenyooka namna moja, vinang'aa kiasi kimoja, na vyote viko chini ya usawa wa kifua. Jicho linaingia mlangoni, linateleza hadi dirishani, na halijapata pa kutua. Dawa yake ni tofauti, na tofauti huhitaji ukubwa ili ionekane. Ndiyo maana siwashauri watu waanze na vitu vidogo: kigoda, saa isiyotembea, taa ya zamani, kisanduku. Vinavutia kwa sababu vinabebeka na havitishi mfuko. Lakini baada ya mwaka utakuwa na sehemu nyingi zaidi za kufuta vumbi, na chumba kitakuwa kilekile.

Kipande chenye kazi kina faida nyingine: kinajitetea chenyewe. Kabati linalotunza mashuka halihitaji kuelezewa kwa mgeni. Kiti cha kifahari kisichokaliwa na mtu, kilichowekwa pembeni na mto juu yake, ndicho kinachogeuza sebule kuwa makumbusho.

Ukinibana nitaje kimoja, nitasema kabati la droo, lile la droo tatu hadi tano lenye kimo cha kiunoni au kifuani. Linakaa ukumbini, chumbani, sebuleni, hata kwenye chumba cha kulia likahifadhi vitambaa na vijiko. Ukihama, linapata kazi mpya. Na kwa mnunuzi anayejifunza hakuna mwalimu bora kuliko hilo, maana droo zinatoka, na zikishatoka linakuonyesha tumbo lake lote.

Meza ya kulia ni chaguo zuri pia. Kitanda cha kale sikipendekezi kwa kuanzia, kwa kuwa vingi ni vifupi na vyembamba kuliko magodoro ya leo, na utaishia kuchongesha godoro. Kiti nacho ndicho samani inayoteswa kuliko zote: kinavutwa, kinaegemewa, kinasimamishwa kwa miguu miwili ya nyuma. Ukikipenda, kikalie, jitikise kulia na kushoto, usikilize. Kama kimefunikwa kitambaa, ulizia kwanza gharama ya fundi wa makochi, kwa kuwa mara nyingi kazi hiyo inazidi bei ya kiti chenyewe. Viti vya kusukwa kwa henzerani ni hivyo hivyo: tundu moja leo, kiti kizima kusukwa upya kesho.

Kabla hujaenda kununua, tuelewane kuhusu umri. Wafanyabiashara wengi na forodha hukubaliana kwamba kitu cha kale ni kile kilichozidi miaka 100. Ndicho kigezo cha kifungu cha 9706 katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Lakini hicho ni kigezo cha kodi, hakihusiani na uzuri. Meza ya miaka 60 iliyotengenezwa kwa mbao ngumu na fundi aliyejua kazi inaweza kuipa nyumba yako sura kuliko takataka ya miaka 150. Takataka zilikuwepo zamani pia, ni vile tu nyingi zimeshachomwa kuni.

Wala umri haumaanishi kazi ya mkono. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, kile cha mgahawani chenye mgongo wa mbao zilizopindwa kwa mvuke, kilianza kutengenezwa mwaka 1859 kwa vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofumuliwa viliingia kwenye kreti la mita moja ya ujazo. Hadi mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50. Ni kiti cha kiwandani, ni cha kale, na ni kizuri. Majina makubwa yasikutetemeshe pia. Thomas Chippendale alitoa kitabu cha michoro ya samani mwaka 1754, na mafundi wa nchi nyingi wakanakili michoro hiyo, wengine wakiwa hai hadi leo. Muuzaji anapokwambia "hiki ni Chippendale," karibu kila mara anataja mtindo, hataji karakana. Mwitikie tu, halafu uombe kukigeuza.

Kukigeuza ndiko kazi ilipo. Sura ya mbele ya samani ndiyo ambayo kila mtu amewahi kuisafisha, kuipaka na kuirekebisha. Nyuma, chini na ndani hakuna aliyejisumbua. Kwa hiyo nenda na tochi, futi kamba, na nguo usizoogopa kuchafua.

Vuta droo moja uitoe kabisa. Tazama pembe, pale ubao wa mbele unapokutana na ubao wa ubavuni. Fundi wa mkono aliunganisha hapo kwa meno yaliyopanuka kuelekea mwishoni, yakabanana bila msumari. Meno ya mkono hayalingani: moja nene kidogo, jingine limeinama kidogo, na kando yake utaona mstari mwembamba uliokwaruzwa kwa ncha kali, alama aliyojiwekea fundi asipitishe msumeno. Meno ya mashine, ambayo yalienea kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, yanafanana yote kwa ukubwa na nafasi. Kuna na aina ya tatu, utakayoikuta kwenye samani za Marekani: vidoti vya duara, kila kimoja kimezungukwa na ukingo wa nusu duara. Mashine ya kukata hivyo ilitumika kuanzia miaka ya 1870 hadi karibu 1900, kisha ikaachwa. Ukikuta maungio hayo, kabati limekutajia umri wake bila muuzaji kufungua mdomo.

Geuza droo juu chini. Kama sakafu yake ni plaiwudi, ama kabati ni la karne ya 20 ama sakafu imebadilishwa. Kama ni mbao kamili, pitisha vidole taratibu huku tochi ukiiinamisha ubavuni. Randa ya mkono huacha mawimbi mepesi ambayo vidole huyahisi kabla ya macho kuyaona. Michirizi iliyonyooka lakini isiyolingana ni ya msumeno wa mkono au wa kushuka na kupanda. Michirizi iliyopinda ni ya msumeno wa duara, ambao ulienea viwandani karne ya 19. Halafu angalia kingo za chini za droo, zile zinazosuguana na fremu kila inapovutwa. Droo iliyofanya kazi miaka 100 imelika hapo, tena imelika zaidi upande wa nyuma au upande mmoja, na ndani ya kabati utakuta mfereji unaolingana na ulaji huo. Droo imelika na njia yake ni mpya? Uliza nani alitengeneza, lini, na kwa nini.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ubaki nalo hata ukisahau mengine: uchakavu wa kweli una sababu. Mkono unashika pale pale, mguu unagonga pale pale, ufagio unapita pale pale. Kwa hiyo tarajia weusi kuzunguka vishikio, mikwaruzo kuzunguka tundu la ufunguo, ulaini kwenye kingo za mbele za mikono ya kiti, mchubuko kwenye kibao cha chini kati ya miguu ya meza ambapo watu huegesha viatu. Anayezeesha samani hana subira ya kufikiri hivyo. Anapiga mnyororo juu ya ubao wote, anatoboa hapa na pale, anapaka weusi kwenye kila kona, hata kona ambayo hakuna mkono uliowahi kufika. Ukiona uchakavu umesambazwa kwa haki sawa kila mahali, hiyo ni kazi ya wiki moja.

Rangi ya ndani nayo inasema. Mbao isiyopakwa kitu hubadilika yenyewe ikikaa na hewa, na hubadilika zaidi pale inapopata hewa zaidi. Ubao wa nyuma ya kabati huwa umekolea kuliko sehemu iliyojificha chini ya droo. Mafundi wa zamani hawakupoteza rangi kupaka mgongo unaotazama ukuta. Ukikuta mgongo umepakwa weusi ulio sawa kuanzia juu hadi chini, na michirizi ya brashi inaonekana, kuna aliyetaka kuficha mbao mpya.

Vishikio kubadilishwa si kosa la jinai. Vimebadilishwa kwenye samani nyingi nzuri, kwa kuwa mitindo ilibadilika na shaba ilivunjika. Tazama upande wa ndani wa ubao wa droo: matundu ya zamani yaliyozibwa yataonekana. Linalonipa shaka ni matundu yanayoonekana ndani lakini kwa nje hayapo kabisa. Maana yake uso wa droo umebandikwa ngozi nyingine ya mbao baadaye, na uliyekuwa unampenda kwa sura si yeye.

Misumari na skrubu zinasaidia, ila usizitegemee peke yake kwa sababu zinabadilishwa kirahisi. Msumari wa kufuliwa kwa nyundo una kichwa kisicho sawa na mwili wa pembe nne. Misumari iliyokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba la chuma ilianza miaka ya 1790, na msumari wa waya wa mviringo tunaoujua leo ukatawala kuanzia miaka ya 1890. Skrubu za kabla ya katikati ya karne ya 19 mara nyingi hazina ncha kali, na mfereji wa bisibisi haukukaa katikati sawasawa. Skrubu yenye alama ya msalaba kichwani ni ya kuanzia miaka ya 1930. Skrubu moja ya msalaba kwenye bawaba ni matengenezo ya kawaida. Zikiwa ndizo zinazoshikilia kabati zima, kabati halijamzidi umri bibi yako.

Kwa meza ya duara kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji utaalamu. Mbao husinyaa kwa upana wake, kwa urefu haisinyai kiasi cha kuonekana. Pima meza kufuata mistari ya mbao, kisha pima kukatisha mistari hiyo. Meza ya mbao kamili iliyozeeka kihalali haitakuwa duara kamili. Kukatisha mistari itapungua kwa milimita kadhaa. Miguu iliyochongwa kwa mashine ya kuzungusha nayo huwa imebonyea kidogo upande mmoja. Kitu cha karne mbili kilicho duara kama sahani ya kiwandani kinahitaji maelezo.

Sasa, udanganyifu mwingi sokoni hautengenezi kitu kizima cha uongo. Unaunganisha. Sehemu ya juu ya kabati la vitabu imetoka nyumba moja, sehemu ya chini yenye droo imetoka nyingine, na wawili hao wamefungishwa ndoa dukani. Simama nyuma yao utazame: mbao za mgongo zimekatwa namna moja? Rangi inalingana? Ya juu inakaa ndani ya ukingo wa ya chini, au inaelea ikiwa nyembamba au pana kuliko inavyopaswa? Namna nyingine ni kupunguza: meza ndefu imekatwa ikawa fupi, kabati pana limefanywa jembamba ili liingie kwenye nyumba za siku hizi. Hapo utakuta maungio mapya upande mmoja tu, au tundu la ufunguo lisilokaa katikati. Mimi sina ugomvi na ndoa hizo kama bei inakiri kwamba ni ndoa. Kwa ajili ya kupendezesha nyumba, kabati lililounganishwa vizuri linaweza kukufaa kuliko lile safi usiloweza kulimudu.

Tena una bahati ya wakati. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, bei za samani za mbao nyeusi nyeusi za karne ya 18 na 19, hasa makabati makubwa na meza za kulia, zimeshuka sana kwenye minada ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa nyumba zimekuwa ndogo na watu wamehamia kwenye mitindo myepesi. Kitu ambacho wakusanyaji wamekichoka hakijapoteza ubora wake. Anayetaka cha kutumia, si cha kuuza tena kwa faida, ana nafasi nzuri.

Tuje kwa shemeji na wadudu wake. Hofu yake ina msingi, ila inapimika. Fukusi wa kawaida wa samani huacha matundu ya duara ya milimita 1.5 hadi 2. Tundu ni mlango wa kutokea: mdudu ameishi ndani akiwa funza kwa miaka mitatu hadi mitano hivi, na alipotoboa alikuwa anaondoka. Kwa hiyo matundu peke yake ni historia. Cha kutafuta ni dalili kwamba bado kuna anayekula. Matundu mapya yana kingo kali na ndani yake ni meupe. Ya zamani yamejaa vumbi na nta. Gonga kabati kwa kiganja juu ya karatasi nyeusi. Ukidondoka unga mweupe, hasa unga mlaini kama wa ngano au wenye chembe chembe ukiusugua vidoleni, kuna mwenyeji. Ukikuta vipunje vigumu vidogo mno, vyenye pande sita, hao si fukusi, ni mchwa wa mbao kavu, na hapo ushauri wangu ni mfupi: liache dukani. Choma pia kwa pini sehemu za miguu na mbao za nyuma. Pini ikizama bila kupingwa, mbao imebunguliwa na haina tena nguvu ya kubeba, hata kama wadudu walishakufa.

Kuna jambo la ziada kuhusu matundu. Mdudu hatengenezi mifereji juu ya uso wa mbao. Anatembea ndani na kutoka kwa tundu. Ukiona mifereji iliyo wazi, iliyopasuliwa nusu, ikitambaa juu ya ubao, basi ubao huo ulikatwa baada ya kuliwa. Yaani mbao ni ya zamani lakini samani ni mpya. Na matundu yaliyotobolewa kwa drili ili kudanganya huwa yamenyooka. Sindano nyembamba inaingia moja kwa moja, wakati njia ya mdudu hupinda papo hapo.

Ukishanunua, usiliingize sebuleni siku hiyo hiyo. Liweke chumba kisichotumika au baraza iliyokauka, tandika karatasi nyeusi chini ya miguu na ndani ya droo, uliache wiki sita au zaidi, hasa kipindi cha joto ambacho wadudu hutoka. Karatasi ikibaki safi, shemeji atatulia. Ikichafuka, kuna tiba: kipande kinafungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, njia inayotumiwa na makumbusho, au wataalamu wa wadudu wanakifukiza. Dawa za kupaka juu hazifiki kina funza alipo. Mafuta ya taa yanafanya mbao inuke, iwe na madoa, na ishike moto haraka. Kuhusu makabati yenu mapya, kama yametengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandamizwa, fukusi hawavutiwi nayo sana.

Vipimo nitavipitia haraka, ila usivipuuze, maana kabati lililokwama kwenye ngazi linaumiza kuliko lililobunguliwa. Pima mlango, kona ya ukumbi na ngazi, si ukuta wa kuliweka tu. Makabati makubwa ya nguo ya zamani mengi yanafumuliwa kwa kabari na skrubu chache. Uliza kabla ya kukata tamaa. Kina chake pia: hanga la leo linahitaji sentimita 55 hadi 60, na mengi ya zamani yana upungufu kwa kuwa nguo zilitundikwa kwenye ndoano. Meza ya kulia iwe na kimo cha sentimita 73 hadi 76, na ubao unaopita chini ya meza uache kama sentimita 60 kutoka sakafuni, la sivyo magoti ya wageni warefu yatalalamika. Kabati refu la droo lifungwe ukutani kwa ndani. Mtoto akivuta droo zote kwa pamoja, linaanguka, liwe la kale au la jana.

Kwa kuwa nimetaja mtoto: kitanda cha mtoto mchanga kisiwe cha kale hata kikiwa kizuri kiasi gani. Nafasi kati ya fito haipaswi kuzidi sentimita 6, na vingi vya zamani vinazidi. Vile vyenye ubavu wa kushusha vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011 baada ya vifo. Na rangi ya zamani yoyote, hasa nyeupe inayobanduka, ichukulie kuwa ina risasi, yale madini yenye sumu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 tu. Usiipige msasa, vumbi lake ndilo sumu.

Hilo linanifikisha kwenye msasa wenyewe. Samani ya kale inapofika nyumbani, hamu ya kwanza ni kuikwangua ing'ae upya. Nakusihi usifanye hivyo. Ile rangi iliyokolea, alama ndogo ndogo, mng'ao usio sawa, ndicho ulichokilipia. Ukiikwangua unabaki na mbao kuukuu yenye sura ya mbao mpya, na hizo tayari unazo. Juu ya samani nyingi za karne ya 19 kuna shelaki, utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Gusa sehemu iliyojificha kwa pamba yenye spiriti kidogo: ikinata, ni shelaki, na fundi anaweza kuifufua bila kuiondoa. Gundi ya zamani ya ngozi za wanyama nayo hulegea kwa joto na maji, ndiyo maana miguu iliyolegea hurekebishika vizuri. Mkataze fundi wako asitumie gundi ya plastiki ya kisasa, kwa kuwa atakayefungua maungio hayo baadaye atalazimika kuyavunja. Matunzo ya kawaida ni kitambaa kikavu, nta ya nyuki mara moja au mbili kwa mwaka, na kuikwepesha jua kali na upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 unaifaa. Dawa za kupuliza zenye silikoni ziache kabisa.

Litakaa wapi? Mahali ambapo jicho la anayeingia linafika kwanza, na peke yake. Acha ukuta mtupu pande zote mbili, angalau nusu mita kila upande ukiweza. Ukuta wako mweupe, ambao unaulaumu, ndio utakaolisaidia: mbao iliyokolea hujichora vizuri juu ya weupe, na mistari iliyopinda huonekana zaidi jirani na kochi lililonyooka. Juu yake weka kitu cha kisasa, picha kubwa isiyo na fremu ya urembo au taa ya chuma, ili lisijitenge likawa kama limetekwa kutoka nyumba nyingine. Usilizungushie vitu vya enzi zake. Rangi za mbao hazihitaji kufanana na meza yako mpya. Zinachohitaji ni kutokaribiana sana bila kufanana. Mbao nyekundu nyekundu pembeni ya nyingine inayokaribia wekundu huo zinagombana, ila nyeusi pembeni ya nyeupe zinaelewana.

Kaa nalo miezi kadhaa. Kipande cha pili kitajionyesha kwa mahitaji, na nakushauri kitoke enzi nyingine au nchi nyingine, ili usianze kujenga seti. Cha tatu kinaweza kuwa kidogo, hata kile kigoda.

Tahadhari moja ya kisheria. Samani za mbao nyeusi yenye mistari kutoka Brazili, mti uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo, zinabanwa tangu 1992 na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na zenye nakshi za pembe za ndovu zina masharti makali zaidi katika nchi nyingi. Kama utanunua nje au unatarajia kuhama nchi, ulizia vibali kabla ya kulipa.

Siku ya kulipa, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti: aina ya kitu, mbao, umri wa kukadiria, na matengenezo anayoyajua. Anayejiamini ataandika, na mwenye busara atakuongezea mwenyewe kwamba mguu wa nyuma umebadilishwa. Anayesema kwa mdomo kwamba ni la miaka 200 lakini kalamu inakuwa nzito, mlipe bei ya kabati zuri lililotumika, au muage.